Maji ya Kuoshea Bati

Jumatatu, 14 Oktoba. Masasi

Karani wa mahakama ya ardhi, binti mmoja anaitwa Nancy, kaniambia: "Bibi, kila anachofanya huyo mdaiwa, andika. Tarehe, na alichofanya."

Nikamwambia mimi sikukaa darasani hata siku moja.

"Herufi unazijua?"

Nazijua. Marehemu mume wangu Gerson alinifundisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na ukuta ule mpaka leo una A moja kubwa kama mlango.

"Basi inatosha," akasema.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Leo nalala kwa mwanangu Huruma, hapa Masasi, kesho narudi kwangu Newala. Naanza mwanzo, ili atakayesoma asipotee.

Mimi na shemeji yangu Filemoni, mdogo wake Gerson, tunakaa kiwanja kimoja, njia ya kwenda Mkunya. Nyumba yake ni kubwa, ya bati. Yangu ni ndogo, ya nyasi. Katikati kuna kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua. Walikichimba ndugu hao wawili, miaka ishirini na mitatu iliyopita, wakakiweka upande wangu kwa sababu udongo wa upande wake ulikuwa unabomoka. Walikubaliana hivi: bati la Filemoni, kisima cha Gerson, maji ya wote. Gata, mfereji wa ukingoni mwa paa, likachukua maji ya bati lote mpaka kisimani. Kwetu juu huku hakuna mto wala chemchemi, na bomba likitoa maji tunaulizana limekosea nini. Nyumba isiyo na kisima ni kibanda cha kuwindia ndege.

Gerson alikufa mwaka juzi. Mwaka jana Filemoni akaleta simtanki, tanki jeusi la plastiki, akaligeuza gata likamwagie kwake. Nikamwuliza, akasema kaka amekufa, bati ni langu. Nikashtaki. Mwezi wa pili mwaka huu nikashinda. Karatasi inasema mdaiwa arudishe mfereji, asiuondoe wala kuugeuza, maji yaingie kisimani kama zamani. Ina mhuri. Nikaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, nikakaa kuisubiri ifanye kazi.

Mvua za mwezi wa tatu zikaingia kwenye simtanki. Za mwezi wa nne vilevile. Mimi nasubiri. Nilidhani hukumu ni kama dawa ya minyoo, ukishaimeza inatembea yenyewe.

Leo ndiyo nimemwuliza Nancy mbona yangu haitembei. Akasema, "Bibi, hukumu yako haijakaziwa."

"Kwani ni kamba ya mbuzi?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba mshindi ndiye anayetakiwa kurudi kuomba hukumu ikazwe. Mahakama haikai juu ya bati la Filemoni, haiwezi kujua amevunja amri mpaka mtu aje aseme. Miezi minane nimeikalia karatasi. Kosa hilo ni langu, nimeliandika la kwanza.

Nancy akanisaidia kujaza fomu ya maombi ya kukazia hukumu. Humo ndani mimi naitwa Mshinda Tuzo. Gerson angecheka. Nilimpelekea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, akakataa, eti ni rushwa. Ming'oko! Nikakaa nayo kwenye benchi, nikagawa kwa wote waliokuwa wanangoja kesi zao. Mzee mmoja akaniuliza nimeshtaki nini. Nikamwambia gata. Akasema yeye mpaka wa shamba, mwaka wa sita. Nikamwongezea ming'oko.

Tarehe yetu ni 18 Novemba.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimefika. Gata bado limeelekea kwa Filemoni. Alichofanya leo: kunipita bila kunisalimia. Mimi mke wa kaka yake, nimemzidi miaka tisa, na tangu kesi ianze hajanipa shikamoo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeokota korosho toka alfajiri. Mgongo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeingia kisimani kwa ngazi, nimefagia. Nimetoa mijusi wawili, wameachana kila mmoja na njia yake. Ukutani ziko alama alizochora Gerson kwa msumari, tano, kutoka chini kwenda juu. Maji yakifika alama ya tatu tunavuka kiangazi. Yakifika ya tano tunagawia na majirani. Leo nimesimama chini kabisa, na alama ya kwanza iko juu ya goti langu. Nikaita "Gerson!" ili nisikie mwangwi tu. Kisima kikijaa huwa hakina mwangwi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mtendaji amemletea Filemoni wito wa mahakama. Nilikuwa napepeta mbaazi, nikamwona anausoma amesimama. Akaja mpaka kwenye mstari wa mkonge unaotenganisha nyua zetu.

"Mama Huruma, hivi wewe huchoki?"

"Nikichoka nalala, nikiamka naendelea."

"Gata lenyewe si lile pale? Nimeliondoa? Karatasi yako inasema nisiondoe."

"Inasema usigeuze pia. Umesoma mstari mmoja ukafunga macho?"

"Rudi kwenu Masasi, shemeji. Huruma ana bomba ndani ya uwanja. Hapa unangoja nini? Yeremia anataka kuoa, hana pa kujenga."

Ndiyo hilo. Nashukuru amelisema kwa mdomo wake. Yeremia ni mwanawe wa kwanza. Kisima kikikaa kikavu msimu mwingine nitahama mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu, na kwenye udongo alioukanyaga Gerson miaka arobaini itasimama nyumba ya bibi harusi. Nikamwambia Yeremia nilimbeba mgongoni, akinijia kwa heshima nitampa pa kujenga, nafasi ipo nyuma ya jiko. Lakini kwa kuuawa na kiu, sitoki.

Mkewe Mabel alikuwa mlangoni kwao na ungo mkononi. Huyo ndiye kichwa cha mambo yote. Mwanamume hawezi kufikiria simtanki peke yake.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo kanisani mwalimu Dunstan ameongoza maombi ya mvua. Ameomba vizuri, na jasho likamtoka. Watu wote: amina! Mimi kimya. Akaomba tena: "Bwana, ifungue mbingu wiki hii hii." Amina! Mimi nimebana midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Baada ya ibada akaniita pembeni. "Mama Huruma, sikuisikia sauti yako, na wewe sauti yako inafika Mkunya."

"Mwalimu, mimi naomba mvua isinyeshe mpaka hukumu ikazwe."

Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Mihogo ya watu inakauka!"

"Hata yangu. Lakini ikinyesha sasa inaingia kwa Filemoni yote. Mungu anaweza kusubiri tarehe 18, yeye hana haraka."

Habari imesambaa kabla sijafika nyumbani. Huku juu mtu wa kuomba mvua isije ni mchawi au mwendawazimu, na mimi leo wamenihesabu kote kuwili. Mwanamke mmoja ambaye maji ya kisima changu alikunywa miaka kumi amevuka barabara asikutane na mimi. Nikamwita kwa jina. Nikamwambia kisima kikijaa njoo na ndoo yako kama zamani, na hasira zako uje nazo, nitakutilia maji juu yake.

Jumanne, 29 Oktoba

Korosho. Harufu ya mabibo imejaa mpaka kwenye nguo.

Jumatatu, 4 Novemba

Mawingu kutoka upande wa Ruvuma. Nimekaa nje mchana kutwa nayaangalia kama mtu anayelinda mbuzi. Jioni yameondoka. Nimepika ugali, nimeula nimesimama.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua imenyesha Mkunya! Mwenye pikipiki amepita hapa amelowa chapachapa, anapiga honi kwa furaha. Kwetu hata tone. Imefika barabarani ikakata kona.

Nimefurahi, halafu nikajionea haya. Nimekaa nikiwafikiria watu wa nyumba hii na ile, wote wanatafuta maji, na mimi Veridiana nashangilia ukavu. Kesi inamgeuza mtu. Nimechukua dumu langu moja katika mawili yaliyobaki nikampelekea yule mwanamke aliyevuka barabara, ana mjukuu mgonjwa. Alipokea. Hakusema ahsante, akasema, "Wewe bibi una kichaa." Tumecheka.

Jumatatu, 11 Novemba

Alichofanya leo: ameongeza kipande cha tofali chini ya gata, upande wangu, ili liinuke zaidi kulalia kwake. Nimemwona kwa macho yangu. Nikaita "Naandika!" Akajibu, "Andika na nukta!"

Jumapili, 17 Novemba. Masasi

Nimeshuka na basi la mchana. Huruma amenibembeleza tena nihamie kwake. Bomba lake liko hapo, unafungua, maji yanatoka, unafunga. Nimeoga mara mbili. Nilipojipaka mafuta nikahisi kama ninamsaliti mtu.

Jumatatu, 18 Novemba. Masasi

Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Tuliitwa saa tano. Filemoni amekuja na koti la harusi yake. Mwenyekiti wa mahakama ni mtu mzima, mpole, anaongea kama ana kitu kinywani. Akamwuliza Filemoni kwa nini hukumu isikaziwe.

Filemoni akasimama vizuri, akasema: "Mheshimiwa, sijavunja amri. Gata lipo. Nimeligeuza kwa muda tu, kwa ajili ya maji ya kuoshea bati. Kwetu ni desturi. Bati linakaa miezi sita likila vumbi, majani ya mikorosho, mavi ya ndege, na salfa tunayopulizia mikorosho. Mvua ya kwanza hatuiingizi kisimani, tunageuza gata maji machafu yapite. Bati likitakata, tunarudisha. Hata kaka yangu marehemu alikuwa anafanya hivyo kila mwaka. Mwulizeni shemeji mwenyewe."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, ni kweli mna desturi hiyo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa na akili. Nilimtazama Filemoni, nikaona Gerson juu ya ngazi, amelowa, anaonja maji kwa kiganja, anatema, anasema bado. Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa."

"Hugeuza gata mvua ya kwanza?"

"Hugeuza."

Filemoni akakaa chini na koti lake. Mwenyekiti akaandika, akaandika, nikamsikia Nancy anashusha pumzi. Kusema uongo nisingeweza, maana desturi ni ya kweli. Lakini kulikuwa na jambo la pili la kusema baada ya hilo, nililihisi liko kwenye ulimi, na halikuja. Nikabaki nimesimama kama kigingi.

Mwenyekiti akasema hawezi kuamua gata kwa maneno. Dalali wa mahakama atakwenda kuangalia mahali penyewe tarehe 5 Desemba. Akikuta amri imevunjwa, aikaze hapo hapo. Akikuta ni desturi tu, ombi langu linafungwa.

Tarehe 5 Desemba! Mvua zetu za kupandia ndiyo muda wake.

Jumanne, 19 Novemba

Limekuja! Limenijia ndani ya basi, tunapanda mlima, nimefunga macho. Nilipiga kelele, kondakta akadhani nimeibiwa. Jambo lenyewe silo la kuandika hapa, asije mtu akalisoma kabla ya siku yake. Nimempigia Nancy simu. Akasema, "Bibi, usiniambie mimi, mwambie dalali, pale pale, na umwonyeshe."

Jumamosi, 23 Novemba

Kimya. Joto. Mbuzi wanahema.

Jumatano, 27 Novemba

Manyunyu. Yamegonga bati tak-tak-tak, nikatoka mbio na kijiko cha mboga mkononi. Mabel naye alitoka kwao mbio. Tumesimama kila mtu upande wake wa mkonge tunaangalia juu. Gata halikutiririsha. Yametoboa vumbi tu, yakaacha madoa kama ya ndui.

"Yamekata," Mabel akasema.

"Yamekata," nikasema.

Ndiyo maneno ya kwanza kati yetu tangu mwezi wa pili. Nimeona amekonda. Nimeona pia kwamba ndoo yake ilikuwa tupu, na simtanki la mumewe lina kufuli.

Jumapili, 1 Desemba

Huruma amepiga simu: "Mama, ukishindwa tarehe tano usibishane, panda basi uje." Nimefunga sanduku ili nijue lina uzito gani. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Limeshinda katikati ya chumba, nimejikwaa mara tatu.

Jumanne, 3 Desemba

Ngurumo upande wa bondeni. Nimeshindwa kula. Baba, siku mbili tu.

Alhamisi, 5 Desemba

Amekuja. Dalali anaitwa Ladislaus, kijana mrefu, ana fundi na ngazi juu ya gari. Shikamoo yake imenyooka, nikampenda. Mwenyekiti wa kijiji amekuja kushuhudia, na mwalimu Dunstan, na watu ambao hawakuitwa na mtu.

Ladislaus akasoma amri kwa sauti. Akatazama juu. "Mfereji upo, bibi."

"Upo," nikasema.

"Na wewe mwenyewe umekubali kwamba hugeuzwa mvua ya kwanza."

"Nimekubali."

Filemoni alikuwa amekunja mikono kifuani. "Si mnasikia? Tunapotezeana muda na korosho zinaoza."

"Shemeji," nikamwambia, "nina swali moja tu, halafu nifungwe mimi. Maji ya kuoshea bati Gerson alikuwa anayaelekeza wapi?"

"Chini. Yaende zake."

"Na wewe umeyaelekeza wapi?"

"Chini vilevile."

"Haya. Tuone chini ni wapi."

Nikaingia ndani nikatoka na ndoo yangu. Ilikuwa ndoo ya mwisho. Niliinunua kwa mwenye baiskeli juzi, na bombani wanafungua keshokutwa, Mungu akipenda. Nikampa fundi. Watu wakaguna. Mwalimu Dunstan akasema, "Mama Huruma, hiyo ndiyo ya kunywa!"

"Mwaga yote," nikamwambia fundi. "Mwaga juu kwenye bati, polepole, kama mvua."

Maji yakatelemka, yakaingia kwenye gata, yakapita juu ya lile tofali, yakakimbia kulia. Ardhini halikuanguka hata tone. Yakaingia kwenye bomba jeusi, halafu wote tukayasikia, gulugulu, ndani ya simtanki.

"Sasa niambieni," nikasema, "nani anaoshea bati kwenye tanki lake la kunywa? Filemoni, unakunywa salfa? Unakunywa mavi ya ndege? Maji ya kuoshea bati hayana kufuli!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wakacheka wote. Filemoni akasema yale si maji ya gata, ni sauti tu. Ladislaus akaomba tanki lifunguliwe. Filemoni akasema ufunguo umepotea.

Halafu Mabel akatoka mlangoni, akafungua fundo la khanga yake, akatoa ufunguo. Hakumtazama mumewe. Akampa Ladislaus kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni maji ya kunawa.

"Mama Yeremia!" Filemoni akasema.

"Nimechoka kuona mwenzangu ananunua maji kwa baiskeli, mimi niko ndani," akasema Mabel. "Na mimi mwenyewe naomba maji kwako kama mpita njia, mpaka leo nimeutoa ufunguo mfukoni mwako."

Nimemsema huyu mwanamke vibaya mwezi mzima, na humu nimemwandika vibaya. Ukurasa siuchani. Ubaki unisute.

Tanki lilifunguliwa, maji yangu yamo, na takataka za bati zinaelea juu. Ladislaus akaamuru. Fundi akatoa tofali, akakata bomba, akaliinamisha gata kuelekea kisimani, akalipigilia kwa misumari miwili mirefu. Ladislaus akapiga picha kwa simu. Akasema, na kila mtu alisikia: "Kuanzia leo mtu yeyote, nasema yeyote, atakayeligusa gata hili, atajibu mahakamani kwa kudharau amri. Mdaiwa, gereza lipo."

Akanipa karatasi niweke dole gumba. Nikamwomba kalamu. Nikaandika Veridiana, herufi zote tisa.

Walipoondoka ndiyo nikakumbuka sina hata tone la kunywa. Kabla sijakaa, Mabel ameleta dumu. Lilipita juu ya mkonge.

Jumapili, 8 Desemba

Leo kanisani nimepiga amina mpaka mwalimu Dunstan akakatisha maombi acheke.

Alhamisi, 12 Desemba

Sasa ninaitaka, haitaki. Mbingu nyeupe kama sahani. Watu wananiambia, "Bibi, si uliifunga wewe? Ifungue." Nimewaambia funguo anazo Mabel.

Filemoni hatoki nje. Akitoka anapita mbali na gata kama lina nyuki. Mabel amesema halali vizuri, neno gereza limemkaa kichwani. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 16 Desemba

Upepo. Majani ya mikorosho yamejaa juu ya bati.

Jumanne, 17 Desemba

Imekuja saa tisa mchana, kutoka Ruvuma, nyeusi. Kwanza harufu, halafu mlio, halafu yenyewe. Nilitoka nje nimefungua mikono.

Halafu nikaangalia gata.

Misumari miwili. Limeelekea kisimani moja kwa moja. Na juu bati lina vumbi la miezi minane, salfa, majani, kila uchafu wa dunia, na hakuna aliyeligeuza. Amri inasema lisigeuzwe! Maji ya kwanza yalianza kuteremka, mekundu kama mchuzi wa pilipili, kwenye kisima nilichokifagia kwa magoti yangu.

"Filemoni!" nikaita. "Geuza gata!"

Akatokeza kichwa mlangoni. "Siligusi!"

"Bati chafu!"

"Umemsikia yule mtu! Yeyote! Nikiligusa unaandika kwenye daftari lako!"

"Nitaandika nini, maji ya salfa yananiingia! Geuza, nasema!"

"Mahakama imekataza!"

"Mahakama iko Masasi, haijalowa! Leo mahakama ni mimi!"

"Hapana, shemeji. Unataka nifungwe."

Nikamwangalia. Mwanamume wa miaka sitini na mbili, anatetemeka mlangoni kwake mwenyewe. Hakuwa anajifanya. Nikafunga khanga kiunoni, nikaburuta ngazi mwenyewe, nikaiegemeza. Nikapanda kipandio cha kwanza, cha pili. Ngazi ina utelezi, na goti langu la kushoto linajua umri wake. Kwenye cha tatu nikahisi mtu amenishika nguo.

"Shuka! Shuka, utavunjika, waseme nimekuua!"

"Basi panda wewe."

"Mabel!" akaita. "Njoo usikie! Shuhudia kwamba ameniamuru mwenyewe!"

"Nimesikia!" Mabel akajibu kutoka jikoni. "Kijiji kizima kimesikia! Panda!"

Akapanda na nyundo. Aling'oa msumari wa kwanza, wa pili, akalisukuma gata likatazama katikati, mbali na kisima, mbali na tanki. Uchafu ukamwagika chini, mwekundu, majani, manyoya.

Nikasimama chini nimeshika ngazi. Mvua inanipiga usoni. Na hapo ndipo ikanijia: yuko juu, ana nyundo, misumari imetoka, amri imelegea tena, na aliyeilegeza ni mimi, kwa mdomo wangu. Kushoto kisima. Kulia tanki, bomba lake limekatwa lakini mdomo uko wazi. Kutoka chini siwezi kuzuia chochote. Naweza kushika ngazi tu.

Filemoni akakinga kiganja, akaonja. Akatema.

"Bado," akasema.

Sauti ilikuwa ya Gerson kabisa. Sikuwahi kuisikia kwake siku zote hizi.

Mvua ikaongezeka. Akakinga tena, akaonja, akatema. "Bado, salfa."

Nikakaza mikono kwenye ngazi. Nilikuwa na maneno mengi, nikayaacha yalowe.

Mara ya tatu alionja, akakaa kidogo, akameza.

"Yametakata," akasema, na akalisukuma gata kushoto.

Nilisikia maji yanagonga saruji kavu, chini kabisa, na mwangwi wake wote. Nilisikia mwangwi unavyopungua. Akapigilia msumari wa kwanza, akapigilia wa pili, akalitikisa kwa mkono kuona limekaza.

Akashuka, amelowa mpaka mifupa. Akasimama mbele yangu kama mtu aliyetoka safari.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ingia ndani uvae khanga yangu kavu, ukishikwa homa nitaambiwa ni mimi."

Akaingia. Amevaa khanga ya maua, amekunywa uji wangu bakuli mbili. Hatujazungumza habari za kesi, wala za Yeremia. Mabel alipokuja kumchukua alimwangalia na ile khanga, akakaa chini kucheka.

Jumatano, 18 Desemba

Usiku kucha imenyesha. Asubuhi maji yamevuka alama ya pili. Nimefungua sanduku, nimerudisha nguo mahali pake.

Nancy aliniambia niandike tarehe, na alichofanya. Basi naandika. Tarehe 17 Desemba, mvua ya kwanza, Filemoni aligeuza gata.

Akalirudisha.